Posta ya dunia haikuanzia Bern

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Siku ya Posta Duniani tuliisoma kwa raha hadi aya ya tatu. Hapo tukakuta kwamba Umoja wa Posta Duniani ulibuniwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, na kwamba Montgomery Blair, waziri wa Rais Abraham Lincoln wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, ndiye aliyevumbua hawala ya posta, utarishi wa nyumba kwa nyumba na behewa la kuchambulia barua. Sentensi mbili, makosa manne. Blair hakuvumbua hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na kile alichokianzisha kweli, yaani safari iliyoishia Bern, mwandishi wenu kamnyang'anya. Tungeweza kuliacha lipite kama tungekuwa mji mwingine. Lakini Umoja wa Posta Afrika, PAPU, ulianzishwa Arusha Januari 1980, na makao yake makuu yako hapa hapa hadi leo.

Cheo kwanza. Blair alikuwa Postamasta Mkuu, jina lile lile analolibeba mkuu wa Shirika la Posta Tanzania, ila kazi ilikuwa nyingine. Marekani ya wakati ule Postamasta Mkuu aliketi kwenye Baraza la Mawaziri, na mkononi mwake kulikuwa na uteuzi wa maelfu ya wakuu wa posta ndogo ndogo nchi nzima. Ilikuwa wizara ya kugawia ulaji wa chama, ndiyo maana wengi walioishika walikuwa makada kuliko watu wa barua. Blair naye alikuwa kada wa kuzaliwa. Baba yake, Francis Preston Blair, alihariri gazeti la kumpigia debe Rais Andrew Jackson, na mdogo wake Frank alikuwa mbunge wa Missouri. Yeye alizaliwa Kentucky tarehe 10 Mei 1813, akahitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1835, akaonja vita huko Florida, akavua sare, akasomea sheria, akawa meya wa St. Louis mwaka 1842 na baadaye jaji. Mwaka 1856 alisimama mbele ya Mahakama ya Juu, bila kudai ada, kumtetea Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake kwa kuwa bwana wake alishamkalisha katika maeneo ya kaskazini yaliyopiga marufuku utumwa. Machi 1857 majaji saba kwa wawili wakamkatalia Scott.

Lincoln alimwingiza serikalini Machi 1861. Wiki hiyo hiyo likaja swali la ngome ya Sumter huko South Carolina, iliyozingirwa na waasi wa majimbo ya kusini yaliyojitenga na kuishiwa chakula. Mawaziri walio wengi walishauri iachwe. Blair alishika msimamo tangu mwanzo kwamba ipelekewe chakula, na mpango wa meli ulikuwa wa shemeji yake, Gustavus Fox. Mwisho Lincoln akafuata njia hiyo, na tarehe 12 Aprili mizinga ikalia.

Sasa tuje kwenye barua. Tarehe 4 Agosti 1862, vita ikiwa haijulikani itaishaje, Blair aliandika waraka kwa idara za posta za nchi za nje, ukapelekwa kupitia wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Alipendekeza wakutane wakubaliane kanuni za pamoja. Ili kuona kwa nini hilo lilikuwa jambo zito, mchukueni karani wa posta ya New York akiwa na mzani na barua ya gramu 10. Ikienda London, mkataba na Uingereza ulihesabu kwa nusu wakia, takriban gramu 14, kwa hiyo ni ada moja: senti 24. Kati ya hizo senti 5 zilikuwa za Marekani, 16 za meli na 3 za posta ya Uingereza. Barua hiyo hiyo ikienda Paris, mkataba wa 1857 na Ufaransa ulihesabu kwa gramu 7.5, senti 15 kila hatua, kwa hiyo ni ada mbili: senti 30. Mteja aliyebandika senti 15 tu akidhani zinatosha alipoteza zote, kwa sababu barua iliyopungukiwa ilihesabiwa kama haikulipiwa kabisa, na mpokeaji akadaiwa ada nzima mlangoni. Ikienda Ujerumani, karani alipaswa kwanza aulize: kwa meli ya Bremen au ya Hamburg? Kwa mfuko uliofungwa wa Prussia unaopita Uingereza? Au kwa njia ya Ufaransa? Kila njia na bei yake.

Na hapo bado hesabu za serikali kwa serikali. Kila barua iliandikwa usoni deni lake: tarakimu nyekundu ikiwa Marekani imeshapokea fedha na inadaiwa na mwenzake sehemu yake, nyeusi ikiwa barua haikulipiwa na mwenzake ndiye atakayekusanya. Mwanafunzi wa stempu akiona bahasha ya 1862 imechafuka kwa mihuri na namba za rangi mbili asidhani ni uchafu. Ni leja ya uhasibu iliyoandikwa barua kwa barua, na makarani wa pande zote mbili walilipwa mshahara kuikokotoa.

Mkutano ulifunguliwa Paris tarehe 11 Mei 1863 na kufungwa 8 Juni. Nchi na miji huru iliyowakilishwa ilikuwa 15, kuanzia Uingereza, Ufaransa na Prussia hadi Costa Rica na visiwa vya Hawaii. Afrika haikuwa na kiti. Blair hakwenda, alimtuma John A. Kasson wa Iowa, aliyekuwa msaidizi wake wa kwanza wizarani na ambaye tunaona anastahili nusu ya sifa hii. Walitoka na kanuni 31. Kipimo cha uzito kiwe kimoja kwa wote, tena cha gramu, ada za kupitisha mifuko ya jirani zipunguzwe, kulipia kabla kupewe unafuu kuliko kulipia baada ya kufika. Kasoro kubwa ilikuwa moja: kanuni hizo hazikumfunga mtu. Zilikuwa mwongozo wa mikataba ya nchi mbili mbili, na kila nchi ikabaki na mikataba yake lukuki, safari hii ikiwa imenyooka kidogo. Kasson aliporudi akaingia bungeni, na mwaka 1866 akaisukuma sheria iliyoruhusu vipimo vya meta nchini Marekani. Nchi hiyo mpaka leo inauza nyama kwa ratili, lakini mlango huo uliwahi kufunguliwa, na mmoja wa waliousukuma alitokea posta.

Bern ilikuja kuziba kasoro ya Paris. Mjerumani Heinrich von Stephan alitoa rasimu yake ya umoja wa posta mwaka 1868, vita ya Ufaransa na Prussia ikaichelewesha, na tarehe 9 Oktoba 1874, katika mkutano wa nchi 22, mkataba ukatiwa saini, Misri ikiwa ndiyo pekee ya bara letu. Jipya la Bern lilikuwa kutamka kwamba nchi zote wanachama ni eneo moja la posta, na kila nchi ibaki na fedha za stempu ilizouza. Dhana yake ni kwamba barua huzaa jibu, basi hesabu zitalingana zenyewe. Leja ya wino mwekundu na mweusi ikafa. Dhana hiyo ilidumu hadi 1969, ulipofanyika mkutano mkuu wa Tokyo, ambapo ilikubalika kwamba nchi inayopokea mifuko mingi kuliko inayotuma ilipwe tofauti. Magazeti na vifurushi havizai jibu. Kwa hiyo mwandishi wenu akisema Bern ndiyo iliyojenga nyumba, tunakubali. Aliyechora mipaka ya kiwanja ni mtu wa waraka wa 1862.

Tuje kwenye vile vitatu alivyopewa bila kustahili, tukianza na utarishi. Matarishi walikuwepo mijini Marekani miaka mingi kabla ya Blair, ila hawakuwa na mshahara. Walimtoza mpokeaji senti moja au mbili kwa kila barua, na hiyo ndiyo ilikuwa riziki yao. Asiyetaka kulipa alikwenda kupanga foleni dirishani. Sheria ya 3 Machi 1863, iliyoanza kazi 1 Julai, ilifuta tozo hiyo na kuwapa matarishi mshahara, lakini kwa sharti ambalo wasimuliaji wengi hulisahau: huduma itolewe katika miji ambayo mapato ya barua za humo humo mjini yanatosha kuilipia. Vijiji havikuguswa; vilisubiri hadi 1896. Kufikia 30 Juni 1864 miji 65 ilikuwa na matarishi 685.

Je, ilikuwa bure kweli? Barua ya kutumwa na kupokelewa mji huo huo ilikuwa senti moja. Sheria hiyo hiyo ikaipandisha kuwa senti mbili. Tozo ya tarishi ilihama kutoka mlangoni ikaingia ndani ya stempu, na stempu mpya ya senti mbili ikachapwa Julai 1863, nyeusi tii, ikiwa na uso wa Andrew Jackson uliojaza karibu karatasi yote. Kwa Blair, ambaye familia yake ilikula na kuvaa kutokana na Jackson, hatudhani sura hiyo ilimchukiza. Lililoharibika ni jingine. Nyumba hazikuwa na visanduku vya barua, na tarishi alibisha akasubiri kila mlango hadi mtu atoke. Ilichukua hadi 1923 kabla wenye nyumba kulazimishwa kuweka kisanduku au tundu mlangoni.

Sheria hiyo ina kipengele kingine ambacho sisi tunakiona kikubwa kuliko utarishi: ada ya ndani ya nchi ikawa senti 3 kwa nusu wakia kwa umbali wowote. Kabla yake, barua iliyovuka maili 3,000, kama ya New York kwenda California, ililipa senti 10. Tena ikagawa vitu vya posta katika madaraja matatu: barua, magazeti yanayotoka kwa vipindi, na machapisho mengineyo. Kila anayeuliza leo dirishani "hiki ni barua au kifurushi?" anauliza swali la aina hiyo hiyo.

Hawala nayo Waingereza walikuwa nayo tangu 1838. Marekani ilipitisha sheria Mei 1864, na madirisha 141 yakafunguliwa 1 Novemba, wiki tano baada ya Blair kuondoka ofisini. Alichofanya ni kuipigania, kwa sababu askari walikuwa wakitia mishahara yao ndani ya bahasha na bahasha zilikuwa zikiibwa. Utaratibu wake unafaa kuelezwa kwa kizazi cha fedha za simu. Mtumaji alijaza fomu: kiasi, jina lake, jina la mpokeaji na posta ya kulipia. Kiwango cha juu kilikuwa dola 30, na ada ilianzia senti 10. Karani akamkabidhi hati, na mtumaji mwenyewe akaipeleka kwa barua ya kawaida. Wakati huo huo karani alituma taarifa ya siri, kwa barua nyingine, kwenda posta ya kulipia. Hati ilibeba kiasi lakini si jina la mtumaji. Jina hilo lilikuwa kwenye taarifa tu. Kwa hiyo mwizi aliyefungua bahasha njiani alikuwa na karatasi, lakini akifika dirishani akiulizwa "nani kakutumia?" hana jibu. Kikwazo chake kilikuwa taarifa kuchelewa au kupotea. Mpokeaji mwenye hati halali alirudishwa nyumbani mikono mitupu mpaka barua ya pili ifike.

Behewa la posta lina wenyewe wawili. Wa kwanza, William A. Davis, alijaribu kuchambua barua ndani ya treni ya reli ya Hannibal na St. Joseph, Missouri, tarehe 28 Julai 1862, ili barua za California zikifika mwisho wa reli ziwe tayari kupanda gari la farasi. Wa pili, George B. Armstrong wa posta ya Chicago, aliendesha jaribio la 28 Agosti 1864 kutoka Chicago hadi Clinton, Iowa. Kabla yao barua ilikwenda kwanza kwenye posta ya mgawanyo. Huko mfuko ulifunguliwa, ukachambuliwa, ukafungwa upya na hati yake ya safari, na treni ikawa imeshaondoka. Tena wakuu wa posta hizo walilipwa kamisheni kwa barua zilizopita mikononi mwao, na mtu anayelipwa kwa kupitisha mizigo hana haraka ya kuona mizigo ikipita pengine. Sheria ya 1 Julai 1864 iliwawekea wakuu wa posta mishahara kwa madaraja matano, ikaondoa kishawishi hicho. Kwa maoni yetu mshahara ulisaidia behewa kuliko magurudumu yalivyosaidia. Ndani ya behewa karani alisimama mbele ya ukuta wa vijumba, treni ikiyumba, akiwa amekariri kichwani kila kituo, kila njia panda na kila treni ya kuunganisha. Akikosea kijumba kimoja, barua ilipitiliza kituo chake na kurudi kesho yake.

Kama mnataka kumpa Blair kitu cha kwake peke yake, mpeni stempu za 1861. Majimbo ya kusini yalipoasi, wakuu wa posta wa huko walikuwa na shehena za stempu za Marekani ambazo zingeweza kuvushwa na kuuzwa kaskazini, na fedha zikanunua bunduki. Blair akakata huduma kwa majimbo hayo mwishoni mwa Mei 1861, akaagiza stempu mpya kutoka kwa mchapaji mpya, na kuanzia Agosti akazifuta za zamani. Kila posta ilitangaza siku sita za kubadilisha; baada ya hapo, posta kadhaa ziligonga muhuri wa kusema stempu za zamani hazitambuliwi. Kuzitofautisha ni rahisi: za 1861 zina herufi U na S kwenye pembe za chini.

Mwaka uliofuata stempu hizo mpya zikamgeuka. Watu walificha dhahabu na fedha, chenji ikatoweka madukani, na Julai 1862 serikali ikaruhusu stempu zitumike kama sarafu. Hapa kwetu mangi akikosa chenji anakupa pipi au kibiriti. New York walipewa stempu. Ila stempu ina gundi. Mfukoni, kwa jasho la Julai, zilishikana zikawa bonge moja. Madirisha ya posta yaliishiwa stempu za kubandika barua kwa sababu wenye maduka walizinunua kwa mafungu, na Blair akalalamika. John Gault akapewa hataza Agosti 1862 ya kuifungia stempu katika kikopo cha shaba chenye kioo cha ulanga usoni. Serikali ikafuata na noti ndogo za senti 5, 10, 25 na 50 zenye picha za stempu, bila gundi.

Siasa yake haikuwa nyoofu kama posta yake, na msomaji Mwafrika asifichwe. Huyu aliyemtetea Dred Scott alionya barazani, Julai 1862, kwamba tangazo la kuwaachia watumwa huru lingewagharimu kura za uchaguzi wa vuli, na aliunga mkono mpango wa kuwahamishia watu weusi walioachiwa huru Amerika ya Kati. Pia alizuia magazeti yaliyoshukiwa kuunga mkono waasi yasisafirishwe kwa posta, na hilo gazeti lolote lina haki ya kumnunia. Oktoba 1863, akihutubia Rockville, Maryland, aliwashambulia wanamageuzi wakali wa chama chake hadharani, nao hawakumsahau. Julai 1864 askari wa Jubal Early, jenerali wa waasi, walichoma nyumba yake huko Silver Spring. Tarehe 22 Septemba, John C. Frémont, mgombea wa hao wakali, alijitoa kwenye mbio za urais. Kesho yake Lincoln alimwandikia Blair kwamba muda wa kupokea ile barua ya kujiuzulu, ambayo mwenyewe alikuwa ameshaiahidi, umefika. Akatoka bila kelele, akaendelea kumpigia kampeni Lincoln, na nafasi yake akaichukua William Dennison. Alifariki 27 Julai 1883.

Jambo la mwisho ni lile la sentensi yenu ya kufungia, kwamba kwa kuwa tuna anwani za makazi na postikodi, Arusha 23 na Kilimanjaro 25, "barua sasa zitafika mlangoni". Kibao cha namba ukutani kinamwonyesha tarishi aende wapi, hakimlipi. Sheria ya 1863 ilijibu kwanza nani analipa, na ni barua za mji upi zinatosha kulipa, ndipo ikaajiri. Kwa mji wenye mazoea ya S.L.P., ambako mwenye sanduku huifuata barua yake mwenyewe pale Mnara wa Saa, mwandishi angetusaidia kama angeuliza swali hilo kwa wahusika badala ya kulirukia jibu.

Na picha mliyoweka ni ya baba yake, Francis, si Montgomery. Oktoba ijayo mkitaka ya kweli, tafuteni stempu ya ndege ya senti 15 iliyotolewa Marekani Mei 1963 kuadhimisha miaka 100 ya mkutano wa Paris. Ndiyo yenye sura yake.

Wakusanya stempu,
Arusha na Moshi